Mzigo ukikwama, mgongo haufungi!

Leo naomba mnivumilie kidogo. Kila wiki hapa tunapiga stori za mapenzi, mavazi na vituko vya kwenye daladala. Leo nina kitu kimenikaa rohoni miaka minne, nacho kinamhusu dada yangu wa tumbo moja. Mwenyewe ameniruhusu niandike, ila kasema nisitaje jina lake. Sawa dada, silitaji.

Kabla sijafika kwake, ngoja nikupe stori ya shela.

Nilipomaliza form four, matokeo yalikuwa yale ya kuficha chini ya godoro. Si unajua tena. Nikapata kibarua cha kupakia vifurushi kwenye mabasi ya mikoani. Kazi yenyewe ukiitazama ni rahisi. Unapokea mzigo, unaandika jina na mkoa kwa maka peni, unampa mteja risiti, unauingiza stoo. Basi likija unautoa stoo, unautupia kwenye buti, safari inaanza.

Ijumaa moja akaja mama mmoja na boksi kalikumbatia kama mtoto. Akaniambia, "Mwanangu, humu mna shela. Harusi kesho, Dodoma." Nikamjibu kwa mbwembwe, "Mama wewe nenda kapumzike, shela linalala Dodoma leo leo." Nikaliweka kona ya stoo, nikaenda kupiga chai na sambusa mbili. Niliporudi basi limeshatoka. Shela lilifika Jumatatu. Lilikuwa safi, halina doa wala mkunjo, lakini bibi harusi alishaolewa Jumamosi na nguo ya kuazima. Kibarua changu kikaishia hapo hapo.

Likumbuke hilo shela, tutalirudia.

Sasa nije kwa dada. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, wote tulikuwa tunasubiri vigelegele. Badala yake tukaona manesi wananong'ona. Mtoto alikuwa na uvimbe chini ya mgongo, mkubwa kama chungwa dogo, umefunikwa na utando mwembamba. Miguu haichezi sawasawa. Kabla wiki haijaisha na kichwa nacho kikaanza kukua kupita kiasi. Wataalamu wanaita mgongo wazi na kichwa kikubwa. Mtaani wakaita majina mengine ambayo siyaandiki.

Bwana we, maneno yalianza! Mama mkwe wake akasema kwenye ukoo wao hakijawahi kuonekana kitu kama hicho, kwa hiyo huo ni mkosi dada kaja nao. Jirani akasema karogwa. Mwingine akasema ni vidonge vya uzazi wa mpango alivyomeza zamani. Shemeji yangu akawa bubu, akawa anarudi nyumbani usiku wa manane.

Na mimi je? Mimi ndiye nilifanya kibaya kuliko wote. Mdogo wake, msomi wa form four, nilikaa kando ya kitanda chake nikamuuliza, "Dada, sema ukweli, hukumeza kitu ukitaka kuitoa?" Hakunijibu. Aligeukia ukutani, akanipa mgongo.

Siku ya kumpeleka mtoto kufanyiwa upasuaji niliwasindikiza. Daktari aliyewapokea alikuwa mama wa makamo. Dada alimuuliza swali moja tu: "Daktari, nilikosea wapi?" Yule mama akavua miwani, akasema, "Mwanangu, siku ambazo mgongo huu ulitakiwa kufunga, wewe ulikuwa hata hujajua kama una mimba."

Maneno hayo yaliniingia kama mwiba. Nikarudi nyumbani nikafukua daftari langu la bayolojia. Nikamsumbua mshikaji wangu mmoja anayesoma udaktari mpaka akawa hapokei simu zangu. Na nilichokuta, wapenzi wasomaji, kilinirudisha moja kwa moja kwenye stoo ya vifurushi.

SIKU 28 ZA MWANZO

Twende taratibu. Wiki ya tatu tangu mimba itungwe, mtoto bado hana sura wala mkono. Ni kiinitete, kidogo kuliko punje ya mchele, kimelala bapa kama chapati. Juu ya hiyo chapati kuna tabaka la seli. Sehemu kubwa ya tabaka hilo itakuwa ngozi, lakini ukanda wa katikati ndio utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Kwa maneno mengine, mfumo wako wote wa fahamu, huo unaokufanya ucheke na kukumbuka deni, ulianza kama kipande cha bapa mgongoni mwa kiinitete.

Kisha bapa linajikunja. Kingo zake mbili zinainuka, zinainamiana, zinagusana katikati na kushikana. Linakuwa bomba. Kwa binadamu kazi hiyo ya kufunga huanza kama siku ya 22, maeneo ya shingoni, halafu inafunga kuelekea kichwani na kuelekea kiunoni kama zipu yenye pande mbili. Ikifika kama siku ya 28 kazi imekwisha. Tundu la juu lisipofunga, mtoto huzaliwa bila sehemu kubwa ya ubongo na fuvu, naye haishi. La chini lisipofunga, ndiyo mgongo wazi.

Sasa piga hesabu. Siku ya 28 tangu mimba itungwe ni kama wiki mbili tu baada ya mwanamke kukosa siku zake. Wangapi kati yenu dada zangu mkichelewa wiki moja mnasema "labda ni mawazo" au "labda ni hali ya hewa"? Mpaka ukanunue kipimo, zipu imeshafungwa au imeshakwama.

KARANI WA STOO

Sasa kwa nini ikwame? Hapa ndipo daftari langu lilipofanya kazi kwa mara ya kwanza tangu nilinunue.

Seli si tone la maji lililofungwa kwenye mfuko. Ndani yake kuna karakana na barabara. Protini nyingi za kukaa kwenye ukuta wa seli, au za kutoka nje kabisa, hutengenezwa kwenye karakana inaitwa endoplazmiki retikulamu. Hilo neno nililikariri sekondari nikalisahau kabla mwalimu hajasahihisha mtihani. Kutoka hapo protini hufungwa kwenye vifuko vidogo sana, hupelekwa kituo cha pili kiitwacho Golgi, huko hukaguliwa na kugawanywa, kisha husafirishwa mpaka ukutani. Jina la Golgi ni la Mwitaliano, Camillo Golgi, aliyekiona kituo hicho mwaka 1898. Na unajua alikuwa anatazama seli gani? Seli za fahamu.

Waliotufumbulia safari hiyo ni akina Randy Schekman wa Marekani. Yeye hakuanza na binadamu wala panya, alianza na hamira. Ndiyo, hamira ile ile ya maandazi! Mwaka 1979, yeye na Peter Novick walieleza hamira yenye kasoro ambayo seli zake zilikuwa zimejaa vifuko visivyokwenda popote, kama stoo ya basi siku ya mgomo. Mwaka uliofuata wakawa wameorodhesha jeni 23 zinazoendesha usafiri huo. Hizo ni jeni, msomaji, si jini. Jeni ni maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Mwaka 2013 Schekman, James Rothman na Thomas Südhof walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi hiyo ya vifuko.

Haya, hamira inahusiana nini na mgongo wa mtoto? Sikia.

Ili lile bapa lijikunje vizuri, kwanza linatakiwa liwe jembamba na refu. Seli za pembeni zinasogea katikati, zinajipenyeza kati ya wenzake. Umeshamsikia konda akipiga kelele, "Jamani songeni kati!" Ndivyo hivyo. Lakini abiria anajua kati ni wapi kwa sababu ana macho. Seli haina macho. Inategemea alama zilizobandikwa kwenye ukuta wake, upande mmoja tofauti na mwingine, zinazoiambia kichwa kiko kule, mkia huku. Alama moja muhimu ni protini inaitwa Vangl2.

Na Vangl2 haizaliwi ukutani. Inatengenezwa karakanani, lazima ipakiwe isafiri. Kwenye vile vifuko vya kutoka karakanani kuna makarani wa kuchagua mzigo upi upande, wa ukoo wa Sec24. Sisi tunao wanne. Anayeihudumia Vangl2 anaitwa Sec24b.

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani, Schekman akiwemo, walieleza habari za panya ambao karani wao Sec24b ana kasoro. Protini ya Vangl2 ilikuwepo. Ilitengenezwa vizuri, haina tatizo lolote. Ila ilikwama karakanani, ikashindwa kufika ukutani inavyotakiwa. Matokeo yake seli hazikujua pa kusogea, bapa likabaki pana, kingo zikawa mbali, hazikugusana. Watoto wa panya hao walikuwa wazi kuanzia nyuma ya kichwa mpaka chini ya mgongo.

Niliposoma hapo nilikaa kimya muda mrefu. Shela halina doa, lakini liko stoo Jumamosi.

Kuna na upande wa pili. Tangu mwaka 1949 wanasayansi wamekuwa na ukoo wa panya wenye mkia uliojipinda. Mtoto wa panya akirithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama, naye mgongo haufungi. Mwaka 2001 ikagundulika kwamba jeni yenye kasoro ni hiyo hiyo ya Vangl2. Hapa karani ni mzima, ila kifurushi chenyewe kimefungwa vibaya na hakipandi gari. Sababu ni mbili tofauti, stoo ni moja, na maumivu ni yale yale.

Kwa binadamu je? Mwaka 2007 watafiti waliripoti mabadiliko kwenye jeni ndugu, VANGL1, kwa baadhi ya watu wenye mgongo wazi. Mara nyingi lakini si jeni moja inayosababisha. Ni mchanganyiko wa vitu vingi vya urithi na vya mazingira vilivyokutana wiki mbaya. Sisemi mtoto wa dada ana kasoro ya Sec24b, hakuna aliyempima hilo. Ninachosema ni kwamba kazi yenyewe inafanyika huko ndani, ambako mkono wa jirani haufiki, na mkono wa mama mwenyewe haufiki.

MNARA WA REDIO

Na usidhani bomba likifunga basi mambo yamekwisha. Lazima ligawanywe: seli hizi zitakuwa za kusukuma misuli, zile za kupokea maumivu na joto. Chini ya bomba kuna kamba ya seli inayotoa protini iliyopewa jina la Sonic hedgehog mwaka 1993, kutokana na yule kalunguyeye wa gemu ya Sega. Kumbe hata maprofesa wanacheza gemu! Inafanya kazi kama mnara wa redio. Seli iliyo karibu inapata mawimbi makali inakuwa aina moja, iliyo mbali inapata hafifu inakuwa nyingine.

Lakini na hiyo nayo lazima itoke kwenye seli iliyoitengeneza. Kuna protini ya kuitoa, na wenyewe waliiita Dispatched, yaani iliyotumwa. Panya asiye nayo hutengeneza Sonic hedgehog kama kawaida, ila haiwafikii majirani inavyotakiwa. Sehemu ya chini ya bomba haipangiki, na kiinitete hufa mapema. Mnaona? Ni usafiri tena. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Mimi naongeza kwamba hata kuumbika kwenyewe ni shughuli pevu, na kila aliyezaliwa mzima ana vifurushi vingi mno vilivyofika kwa wakati bila yeye kujua.

SASA TUFANYE NINI?

Najua kuna mtu anasema, "Mshikaji, umetupeleka chuo kikuu, sasa tule nini?" Swali zuri, na jibu lake ni la kula kweli.

Kuna vitamini inaitwa foliki asidi. Yenyewe haipakii vifurushi, tusidanganyane. Kazi yake inayojulikana ni kusaidia kutengeneza DNA seli zinapogawanyika, na wakati bapa linajikunja seli zinagawanyika kinoma. Mwaka 1991 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika nchi saba, likiongozwa kutoka Uingereza, kwa wanawake ambao tayari walishapata mimba yenye tatizo hili. Waliopewa foliki kabla ya kushika mimba na wiki za mwanzo, tatizo lilipungua kwa asilimia 72. Kwa hiyo si dawa ya kuzuia kila kesi, wapo wanaomeza na bado likatokea, lakini ni kinga ya maana sana kwa kidonge kidogo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke ameze miligramu 0.4 kila siku tangu anapoanza kutafuta mtoto mpaka wiki 12 za mimba. Nasisitiza, TANGU ANAPOANZA KUTAFUTA. Wengi tunaenda kliniki mwezi wa tatu au wa nne tumbo likianza kuonekana, ndipo tunapewa vidonge vya damu vyenye foliki. Vina kazi yake, usiviache, lakini kwa habari ya mgongo zipu ilishafungwa zamani.

Kama umeshapata mtoto mwenye tatizo hili, dozi yako ni kubwa zaidi na anayeipanga ni daktari, usijipimie dukani. Kama una kisukari, au unatumia dawa za kifafa, hasa valproeti, ongea na daktari kabla ya kubeba mimba, maana hatari inaongezeka. Ila usiache dawa kienyeji, kifafa nacho hakina mchezo.

Na chakula: mchicha, kisamvu, maharage, kunde na maini vina foliki. Ukiwa na mimba ila maini yaende kwa kiasi, yana vitamini A nyingi. Hapa Tanzania, kanuni za mwaka 2011 zilidai unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe virutubisho, foliki ikiwemo. Sembe tunayosaga mashine ya mtaani mara nyingi haijaongezwa kitu. Kula, ni tamu, lakini usiitegemee kwa hili.

Mtoto akizaliwa na tatizo, msipoteze siku kwa mganga. Wahini hospitali. Mgongo unafungwa kwa upasuaji, na maji ya kichwani yanatafutiwa njia, mara nyingi kwa mpira mwembamba unaoyapeleka tumboni. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inafanya upasuaji huo. Kila siku inayopita mgongo ukiwa wazi ni mlango wa vijidudu.

Kwenu wanaume wenzangu, nina moja tu. Mwenzako akijifungua mtoto wa namna hii, usianze kuchelewa kurudi nyumbani. Shemeji yangu alirudi kwenye mstari, namshukuru Mungu, lakini ile miezi mitatu aliyokuwa bubu dada hajaisahau.

Mpwa wangu sasa ana miaka minne. Anatembea kwa vyuma miguuni, ana mdomo kama redio, na anajua nyimbo zote za Simba ingawa baba yake ni Yanga damu. Mwezi uliopita dada aliniambia wanataka mtoto wa pili, na kwamba ameshakwenda kwa daktari kupangiwa foliki. Nikaona ndiyo nafasi. Nikamwambia, "Dada, lile swali nililokuuliza hospitalini, naomba unisamehe."

Akaniangalia, akasema, "Mdogo wangu, miaka yote hii nilikuwa nasubiri uniombe." Halafu akanituma mchicha gengeni. Nikaenda mbio, na safari hii sikupitia kwenye chai.

Kwa leo kalamu naiweka chini. Ukimsikia mtu kijiweni anasema mama fulani karogwa, mpe gazeti hili alisome. Panapo majaaliwa tukutane wiki ijayo, hapa hapa. Ciao!